Kitoto cha Njuga

Kazini walimwita Popo, na jina hilo hakulipata kwa sura. Alikuwa fundi wa lifti, na kwa miaka ishirini na mitatu sehemu kubwa ya mchana wake ilipita gizani, ndani ya yale mashimo marefu ambamo lifti hupanda na kushuka, spana mkononi, kana kwamba alizaliwa humo. Waliokuja kujifunza kazi, wengi walichungulia shimo mara moja wakakumbuka kwamba walitaka kuwa makarani. Yeye alikuwa akila mkate wake juu ya paa la lifti, ghorofa tisa chini ya nyayo zake, huku akipiga mluzi. Hakuliona hilo kuwa ushujaa. Alisema woga ni kama mvi: wengine huziota mapema, wengine hawazioti kabisa. Mkewe, mwalimu wa hesabu asiyependa majibu ya kukadiria, alikuwa na maelezo mengine. Alisema mumewe si kwamba haogopi, ni kwamba hafikirii.

Jumamosi moja, wakati wa likizo ya shule, alirudi nyumbani saa tisa alasiri akakuta mapazia yote ya sebuleni yamefungwa. Jua lilikuwa likiwaka nje la kukausha nguo kwa nusu saa, na ndani giza totoro. Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba kuna mgonjwa. Akavua viatu mlangoni, akavishika mkononi, akanyata.

Hapakuwa na mgonjwa. Binti yake wa mwisho, wa miaka kumi na sita, alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kochi, padi ya kuchezea gemu mikononi, macho kaikodolea televisheni. Binti huyu Popo alimwita mama, kwa kuwa alichukua paji la uso la bibi yake mzaa baba, na ubishi wake vilevile.

Kwenye televisheni palionekana chumba cha kufulia nguo, lakini kikubwa kupita kiasi, meza zake ndefu kama maghala. Chini ya meza moja palikuwa na kitoto kidogo kisicho na uso, kimejifunika kipande cha shuka, na mguuni kimefungwa njuga moja. Kila kilipopiga hatua, njuga ililia kidogo. Na mwisho wa chumba, kwa mbali, mwanamke mrefu mno alikuwa amesimama amewapa mgongo, akikunja mashuka. Alikunja moja, akaweka. Akachukua jingine.

"Nani anakikimbiza?" Popo aliuliza.

"Bado hajakisikia, baba."

"Sasa kinakimbia nini?"

"Hakikimbii. Kinanyata."

Popo akasimama palepale. Alitaka kusema habari ya mapazia, halafu njuga ikalia, na yule mwanamke akaacha kukunja. Hakugeuka. Aliacha tu mikono hewani, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Binti akaacha kubonyeza. Kitoto kikatulia. Popo naye, bila kujua, akatulia. Hata pale mwanamke alipoendelea na kazi yake, ilipita muda kabla fundi hajagundua kwamba bado ameshika viatu na kwamba mgongo wake umelowa jasho jembamba.

Mkewe aliporudi kutoka dukani alimkuta amesimama hivyohivyo. Alimuuliza kama ni mlinzi au ni baba mwenye nyumba. Ilikuwa saa kumi kasoro.

Jioni hiyo, mezani, Popo alimhoji bintiye. Gemu yenyewe ilikuwa na jina la kigeni ambalo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kulitamka, hivyo wakaiita kitoto cha njuga. Alitaka kujua kitoto kinatoka wapi. Binti hakujua. Kinakwenda wapi? Hakujua pia. Yule mwanamke ni nani, mama yake? Pengine. Kuna mtu anayeeleza la kufanya? Hakuna, hakuna hata neno moja toka mwanzo. Na kikikamatwa? Kinakufa, kisha kinatokea tena nyuma kidogo, na unaanza upya. Popo alisema hajaona mchezo usio na mfungaji wala mwamuzi, na kwamba hofu si kitu adimu hata mtu aifungie mapazia na kuitafuta. Binti akacheka, akasema ni kweli, ila yeye anaipenda, na kueleza hawezi. Mkewe alisema mtu asiyeweza kueleza jibu lake hajafanya hesabu, amenakili. Mazungumzo yakaishia hapo, lakini Popo alilala akiifikiria ile mikono iliyosimama hewani.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, aliyefunga mapazia ni yeye. Alisema jua linaunguza kochi.

Ikawa binti amekwama. Toka jana usiku alikuwa mahali pamoja: kitoto kiko chini kabisa ya jengo, maji yamefika magotini, na mbele yake kuna lifti ya zamani ya milango ya vyuma. Ukibonyeza kitufe, lifti inashuka, na ndani yake amesimama yule mwanamke wa mashuka, ambaye binti alimwita Mfuaji. Umejificha, anasikia njuga. Umekimbia, mikono yake mirefu inakufikia. Binti alishajaribu mara zisizohesabika.

Popo alivuta kiti mbele. Kwanza aliikosoa lifti yenyewe kwa dakika tano nzima. Haikuwa na breki, reli zake zilikuwa nyembamba kama za pazia, na aliyeichora hajawahi kuingia shimoni. Kisha akaona kitu, akanyamaza. Pembeni mwa shimo, karibu na maji, palikuwa na rundo la vyuma vilivyopangwa kama matofali, limefungwa kamba inayopanda juu hadi isikoonekana.

"Hilo ni jiwe la mizani," alisema. "Kila lifti inalo. Lifti ikishuka, jiwe linapanda. Lifti ikipanda, jiwe linashuka. Mama, usipande lifti. Panda jiwe."

Binti alimgeukia akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Akajaribu. Akabonyeza kitufe, akakimbilia jiwe, njuga ikalia, na Mfuaji akanyoosha mkono toka juu kabla lifti haijafika. Wakajaribu tena na tena. Mara ya sita kitoto kilijikwaa kikaangukia penye maji mengi, na wote wawili wakasikia jambo lilelile kwa pamoja: ndani ya maji njuga hailii. Binti akampa padi baba yake bila kuulizwa. Vidole vya Popo vilikuwa vinene, vyenye makovu ya waya, na vile vitufe vilikuwa kama punje za mahindi. Alikiua kitoto mara nne kwa kubonyeza pasipostahili. Mara ya tano akakipitisha majini polepole, kikadandia jiwe, na jiwe likaanza kupanda.

Hapakuwa na muziki. Palikuwa na sauti ya kamba inayolia na maji yanayodondoka. Katikati ya shimo lifti ikawapita ikishuka, karibu kiasi cha kugusa, na ndani yake Mfuaji amesimama kawapa mgongo, shuka mkononi. Popo alitaka ipite upesi, na papo hapo alitaka isipite. Ilipopita, na kitoto kikatua ghorofani salama, alitoa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia kwake, nusu kicheko na nusu kitu kingine. Walipeana mikono kama wakubwa. Jioni yote Popo alikuwa mchangamfu, akaosha hata vyombo, na mkewe akamuuliza kama amepandishwa cheo.

Jumatatu asubuhi aliitwa pamoja na mwenzake kwenye jengo moja la ofisi la ghorofa kumi na mbili. Lifti ilikuwa ikilalamika chini, ikifika ghorofa ya kwanza inatoa mlio kama paka aliyekanyagwa. Mwenzake huyo waliyezoea kumwita Mzee Grisi, mtu wa miaka hamsini na tisa, ndiye aliyekuwa na subira ya kuongea na wenye majengo. Kazi nyingi za shimoni zilikuwa za Popo.

Alifungua milango ya chini kwa ufunguo wake, akabonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha lifti, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya kushukia shimoni. Ilikuwa ngazi ya vidato vitano tu. Kisha akainua macho, jambo ambalo hakuwa na haja ya kulifanya, akaliona jiwe la mizani limening'inia kule juu kwenye giza. Alikuwa ameona mawe hayo maelfu. Safari hii lilikuwa linamtazama.

Mguu wa pili ulikataa kushuka. Aliuamuru, ukakataa. Alisikia maji yakidondoka mahali fulani, akasikia kamba zikitulia kwenye magurudumu yake, akasikia hata hewa inavyopanda ndani ya shimo, sauti ambazo bila shaka zilikuwepo kila siku kwa miaka ishirini na mitatu na hazikuwahi kumfikia. Akatoka. Akamwambia Mzee Grisi kwamba goti linamsumbua.

Mzee Grisi hakuuliza. Alipanda ngazi za jengo kwa miguu, ghorofa zote kumi na mbili, hadi chumba cha mashine, akazima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, akarudi chini akihema kama mvukuto, ufunguo mfukoni, ndipo akaingia shimoni. Sheria ya kazi ilitaka hivyo, lakini Popo alikuwa ameiacha zamani sana, akitegemea kile kitufe chekundu peke yake, na mara kwa mara alimtania mwenzake kwamba ana mapenzi na ngazi. Siku hiyo hakutania. Alikaa juu ya sanduku la vifaa akisugua goti lisiloumwa.

Jumanne ikawa vilevile, kwenye jengo jingine. Jumatano alitumwa kazi ya juu, kubadilisha taa, akaifanya huku magoti yakimcheza ghorofa ya tatu tu. Mambo yalimwendea tenge. Hakujua ashike lipi aache lipi. Mtu huota woga akiwa mtoto, ukamtoka akikua. Hajapata kusikia mtu aliyeupata akiwa na miaka arobaini na minane, sebuleni, kwa kutazama kikatuni. Alijipima homa. Homa hakuwa nayo.

Jioni ya Jumatano akatafuta wa kumlaumu. Alimwambia binti yake aiondoe ile mashine ya gemu sebuleni, aifungie kabatini mpaka shule ifunguliwe. Binti aliuliza sababu. Popo akataja macho, akataja umeme, akataja masomo. Binti aliinama akachomoa nyaya moja baada ya nyingine bila ubishi wake wa siku zote. Alikuwa amezoea kuambiwa hapana na mama yake, ambaye hutoa sababu kwa namba. Kwa baba yake hakuzoea. Mkewe Popo alimtazama mumewe, akarudi kwenye madaftari yake.

Alhamisi saa sita mchana, Popo aliaga kazini kwamba anakwenda kutazamwa goti. Njia ya hospitali ilikuwa kushoto. Yeye alikata kulia. Binti alikuwa amekwenda kwa shangazi yake, nyumba ilikuwa tupu, na ufunguo wa kabati ulikuwa mahali pake pa siku zote, juu ya fremu ya mlango. Ilimchukua nusu saa kuunganisha nyaya, yeye anayeunganisha lifti za watu ishirini. Akafunga mapazia.

Hakujua anatafuta nini. Kama kile kitoto ndicho kilichomharibu, alikifuata cha nini tena? Hata hivyo mikono haikumngojea ajibu. Kitoto kilifika chumba chenye kabati za nguo zilizopangwa safu tatu, na Mfuaji anapita kati yake akizifungua moja moja. Ilibidi uhame kutoka kabati hadi kabati, kwa kufuata vishindo vya milango ili njuga isisikike. Akiufungua mlango, unatembea. Akitulia, unatulia. Popo alikamatwa, akarudi, akakamatwa, akarudi. Hatimaye alifika kabati la mwisho, na Mfuaji akaja akasimama mbele yake. Kwenye ufa wa mlango ilionekana mikono tu. Popo alibana pumzi.

"Daktari amesemaje?" sauti iliuliza nyuma yake.

Padi iliruka ikagonga meza. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa mboga. Kwenye kioo cha televisheni, kabati lilifunguliwa.

Popo, kwa kuwa hakuwa na uongo mwingine uliobaki, akamwambia mkewe kila kitu: mguu uliokataa, jiwe la mizani, goti la kusingizia, magoti yaliyomcheza ghorofa ya tatu. Alisema hajui kama anaumwa. Alisema ile gemu imemtia woga, na kila akiukimbia anajikuta anaurudia, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Mkewe alikaa chini, mfuko mapajani. Alikuwa mtu wa kusahihisha, lakini hapo hakusahihisha upesi.

"Mimi nimeogopa kwa niaba yako miaka ishirini," alisema. "Kila simu ikilia mchana, kwanza naangalia ni nani. Kama sasa unaogopa mwenyewe, labda nitapumzika."

Popo alisema hilo si jambo la kumpumzisha mtu, fundi wa lifti asiyeweza kushuka vidato vitano.

"Hilo silijui," alisema mkewe. "Ninachojua ni kwamba umemfungia mtoto kitu chake kwa ajili ya miguu yako, kisha ukaja kukichezea mafichoni. Hapo sihitaji kalamu nyekundu."

Binti aliporudi alasiri alikuta mashine imeunganishwa na baba yake amekaa kando, mikono juu ya magoti kama mgeni. Popo alimwomba radhi. Kwake halikuwa jambo jepesi, alilizunguka mara mbili kabla ya kulifikia, lakini alilisema lote, na la kucheza kwa siri akalisema. Binti alijitahidi asicheke, akashindwa. Kisha Popo akamuuliza tena lile swali la mezani, safari hii bila kebehi. Anapenda nini humo?

Binti alifikiri sana. "Nikiwa pale nasikia kila kitu, baba," alisema. "Tone la maji, mlango, kila kitu. Shuleni mwalimu anaweza kuongea kipindi kizima, nisijue amesema nini. Pale siwezi kutosikia." Akaichukua padi. "Halafu nikikwama, najua kuna njia. Sijui iko wapi, lakini ipo."

Popo alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Ukweli ni kwamba alielewa nusu. Ile habari ya kusikia aliifahamu vizuri mno, kwa kuwa Jumatatu alisikia shimo zima. Lakini kwa mtoto kusikia huko kulikuwa raha, na kwake kulimfunga miguu. Inakuwaje dawa moja imponye mmoja na kumlaza mwingine? Aliligeuza jambo hilo huku na huku likabaki lilelile.

Gemu waliimaliza Jumamosi mchana, wote watatu sebuleni, mama mtu akisahihisha daftari kwenye mwanga wa simu na kudai hatazami. Mwisho wenyewe uliwaacha vinywa wazi. Kitoto kilifika ghorofa ya juu kabisa, kwenye ukumbi uliojaa kamba za kuanikia. Mfuaji alikuwepo, amepiga magoti, na alipokisikia hakunyoosha mkono. Alikinyooshea shuka lililokunjwa vizuri. Kitoto kikalipokea. Kisha kikafungua njuga mguuni, kikatembea kimya hadi kwenye kikapu kilichokuwa pembeni, na ndani ya kikapu mlikuwa na kitoto kingine, kidogo zaidi, kimelala. Kikakifunga ile njuga. Mwanga ukajaa kioo, basi.

"Ndiyo nini sasa?" alisema Popo. Alikuwa amekasirika kweli.

Walibishana saa nzima. Binti alisema kitoto kimegeuka kuwa Mfuaji. Mkewe, ambaye hakuwa akitazama, alisema hapana, kimemwachia mwenzake njuga ili nacho kisikike kikipotea, kama mama anavyomfunga mtoto kengele. Popo alisema zote mbili haziwezi kuwa kweli. Mkewe akasema kuna hesabu zenye majibu mawili. Popo akasema hizo hazimfai, yeye anataka lifti inayopanda ikibonyezwa juu. Kabla ya kulala alikuwa amebadilisha mawazo mara tatu, na hakuridhika na hata moja.

Jumatatu wakarudi kwenye lile jengo la ghorofa kumi na mbili. Mlio ulikuwa umerudi, na chuma cha kubadilishwa kilikuwa chini kabisa shimoni, kazi ya mikono yenye nguvu, si ya Mzee Grisi. Popo alifungua milango, akachungulia, na woga ulikuwa pale pale alipouacha. Haukupungua hata chembe. Alikuwa ametumaini kwamba kumaliza gemu kungeumaliza, kama mtu anayetapika alichokula.

Basi akamgeukia mwenzake akamwambia, "Mzee wangu, sina goti. Naogopa."

Akasubiri kicheko. Mzee Grisi alifuta mikono kwenye suruali, moja, kisha nyingine.

"Afadhali," alisema. "Mimi naogopa kila siku. Toka siku ya kwanza mpaka leo. Kwa nini unadhani napanda zile ngazi zote na kufuli?"

"Hukuwahi kusema."

"Nikuambie wewe? Unayekula mkate juu ya paa la lifti? Nilikuona una kichaa, mwanangu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilikuwa nahesabu siku tu nitakapoitwa kuja kukuokota."

Popo alichukua kufuli, akapanda ngazi ghorofa kumi na mbili, na njiani alisimama mara tatu, si kwa goti. Akazima swichi kuu, akafunga, akautia ufunguo mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Aliposhuka shimoni kila kidato alikihesabu. Alifanya kazi akisikia kila kitu. Kazi ya nusu saa ilimchukua saa moja na robo, na alipotoka shati lilikuwa la kukamuliwa. Raha ile ya Jumapili, ya jiwe linalopanda, aliitafuta kifuani asiione. Lakini chuma kilikuwa kimekaa sawasawa, labda sawasawa kuliko vyote alivyowahi kukaza.

Ndipo msimamizi wa jengo akaja amenuna. Alisema mkubwa mmoja wa ghorofa ya tisa alikuwa ana haraka, hivyo yeye akapanda hadi chumba cha mashine kutazama kuna nini, akakuta kufuli. Wangemwachia ufunguo japo mmoja, alisema.

"Ulitaka kuwasha?" Popo aliuliza taratibu.

"Nilitaka kuangalia tu."

Popo alimtazama usoni, asipate jibu zaidi ya hilo. Pengine ni kweli aliangalia tu. Na hata angewasha, kitufe chekundu kilikuwa kimebonyezwa chini, lifti isingetikisika. Au ingetikisika, kama kitufe ni kibovu, na kitufe hicho hakuna aliyekikagua mwaka mzima. Ni mara ngapi, miaka yote hiyo, watu walipanda kuangalia tu wakati yeye yuko chini anapiga mluzi? Hilo hakuna wa kumwambia. Mzee Grisi alishafungua pakiti ya biskuti na kumsogezea, naye akala mbili bila kuhisi ladha.

Nyumbani alimkuta binti yake sakafuni akiyafunika madaftari mapya kwa karatasi za kaki, shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake. Mapazia yalikuwa wazi. Popo alikaa karibu naye akamsimulia siku yake, akipotea katikati, akirudi nyuma, mara amsifu Mzee Grisi, mara amlalamikie, mara aishukuru gemu, mara ailaani. Binti alisikiliza mpaka mwisho, mkasi mkononi.

"Kwa hiyo baba," aliuliza, "umeharibika au umepona?"

"Sijui, mama," alisema Popo.

Binti alikubali kwa kichwa, kana kwamba hilo nalo ni jibu. Akamwonyesha pembe ya karatasi iliyokuwa ikijikunja, akamwomba aishike vizuri, na Popo akaishika kwa vidole viwili, imara, wakati yeye anakata.